Mapacha wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: Ijumaa anachagua kiongozi wa watengeneza programu. Cheo changu hicho! Kikwazo ni Miwani tu, dada wa meza ya dirishani, anayekagua programu kama anayechambua mchele. Yetu ni ya kliniki ya wajawazito: inatafuta jina la mama, inasoma vipimo, inamtumia ujumbe. Kutafuta jina kunachelewesha majaribio ya programu. Nikapata ujanja! Sehemu hiyo nimeiwekea bandia inayojibu "yupo" papo hapo. Nyingine zote nimeziacha halisi. Miwani akauliza, na ya kutuma ujumbe je? Nikamwambia aache wivu.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio yote yamepita! Kijani tupu kwenye kioo. Palihitajika vipimo vya mfano, nikaweka vya mapacha, na nambari ya simu, nikaweka ya mama mkwe. Ndiyo pekee niliyolazimishwa kuikariri. Nimeyarudia tena na tena, kwa raha tu. Bosi kanipiga begani.

Jumatano, 5 Machi
Yarabi! Mke wangu kanipokea mlangoni, mikono kiunoni. Mama yake, mjane, bibi wa wajukuu, tangu jana anapokea ujumbe mfululizo: "Hongera mama, unatarajia mapacha." Ujumbe ulisomwa kwa sauti kwenye kikao cha kina mama. Wanamuuliza baba ni nani. Nikauliza kama ana hakika si kweli. Kosa kubwa! Nimehamishiwa kwenye kochi.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kalifuata jina la kampuni kwenye ujumbe hadi ofisini! Kamwekea Bosi simu mezani, akataka kumjua daktari aliyempima bila kumgusa. Bosi akauliza jaribio ni la nani. Nikainua mkono nusu. Miwani akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba kitu kikiwa nusu bandia, ile nusu nyingine inafanya kazi kweli. Kumbe kila jaribio lilituma ujumbe! Mama mkwe akamwita Miwani "mwanangu", akamsifu akili. Mimi kaniita "wewe".

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa Miwani. Agizo lake la kwanza: nirekebishe jaribio langu kabla ya kwenda nyumbani. Nimelitafakari kosa langu kwa dhati. Nimeliona. Ni nambari! Ya mama mkwe nimeifuta. Sehemu ya kutuma sijaigusa, inafanya kazi vizuri mno. Nimeweka nambari ya Bosi. Yeye ni mwanamume, mapacha hawatamshtua.

Nimeliendesha. Kijani tupu!