PDF au Pdf?

Jumatatu, 3 Machi

Sielewi kosa langu. Tunaandika programu ya zahanati, na kila kipande chake kina jina. Changu nimekiita ChapaPDF. Jirani yangu wa meza, dada tunayemwita Miwani, chake kakiita TumaPdf. Herufi ndogo! Nikamwambia kifupisho ni mheshimiwa, hakivuliwi kofia. Akauliza waheshimiwa wawili wakikaa pamoja, PDFXML, nani atajua wa kwanza anaishia wapi? Nikasema wenye akili watajua. (Mwenyewe nilirudia kusoma.) Bosi anataka jibu Ijumaa. Mwenye hoja nzuri ataongoza kazi. Cheo hicho changu!

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba ushauri mke wangu. Akasema kwanza nimweleze huyo Miwani ni nani. Leo nalala sebuleni.

Ofisini nako balaa. Miwani kauliza mbona Ukimwi, ambao nao ni kifupisho, nauandika kama neno la kawaida. Nimejifanya napiga chafya.

Jumatano, 5 Machi

Miwani alipokwenda kula, nimebadilisha majina yake yote yawe ya herufi kubwa. Nimeyapeleka zahanati moja kwa moja. Kwenye kompyuta yangu yamefanya kazi, tena vizuri! Nimejinunulia soda.

Alhamisi, 6 Machi

Vyeti vya wagonjwa havitoki! Kumbe kompyuta yangu haibagui herufi kubwa na ndogo, ya zahanati inabagua: inatafuta TumaPdf, inakuta TumaPDF. Nani kairuhusu? Mhudumu wa mapokezi kapiga simu, anafoka: “Nyie watu wa kompyuta, foleni imefika barabarani! Kuna mama hapa mwanawe anawaka homa. Nimwambie asubiri herufi?”

Nikaanza kumweleza tofauti ya PDF na Pdf. Miwani akachukua simu, akaomba radhi kwa niaba yetu sote, akarekebisha. Hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa upole, kama nyumbani kwema. Bora angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaamua. PDF itakuwa Pdf, XML itakuwa Xml, na kiongozi ni Miwani. Nimepiga makofi kuliko wote. Nimemwomba msamaha kwa dhati, nusura nilie. Akasema yameisha, kaka.

Halafu nikawaza. Hivyo ni vifupisho vya herufi tatu. Vya herufi mbili je? Bosi hakuvigusa! Kipimo cha presha kiwe KipimoBP. Angalia kinavyopendeza! Wenzangu wameshaondoka. Nimebadilisha vyote na kuvipeleka zahanati. Jumatatu Miwani mwenyewe atanishukuru.