Nta Kwenye Sakafu ya Mbao

Jumatatu, 4 Agosti

Vita imeanza, na sikuianzisha mimi. Katibu wa ukumbi, mzee wa goti bovu na funguo zinazolia kiunoni, ametuita ofisini wawili: mimi, mwalimu wa dansi za walsi na chacha tangu kuta hazijapakwa rangi, na yule mama mgeni anayefundisha dansi ya kisasa. Namwita Bi Pekupeku. Sijamwona na kiatu tangu afike! Katibu kasema chumba chenye sakafu ya mbao ni kimoja na hakigawanyiki. Jumamosi kila mmoja aonyeshe kazi yake mbele ya kamati. Atakayewaridhisha abaki na mbao. Mwingine ahamie stoo ya nyuma.

Stoo ya nyuma! Saruji tupu, na nguzo katikati. Wanafunzi wangu ni watu wanaojiandaa kuoana. Nitawazungusha vipi mle? Bwana harusi ataishia kuikumbatia nguzo. Nikipelekwa stoo, wanafunzi watanikimbia, na kazi nyingine siijui.

Bi Pekupeku kasema ataonyesha historia ya dansi ya kisasa. Nimecheka kimoyomoyo. Kitu cha kisasa kina historia gani? Lakini jioni nimepiga chabo kwenye tundu la ufunguo. Watu wazima wamelala chali, wanapumua! Anawaambia wavute tumbo ndani kama mtu aliyepokea habari mbaya, kisha waachie pumzi iwainue. Ati kuna watu walikaa wakaichunguza pumzi mpaka wakaikuta dansi humo humo. Kwenye pumzi! Nimejaribu jikoni. Mke wangu kaniuliza kama maharage yamenichafua tumbo.

Jumanne, 5 Agosti

Akili ni nywele, na zangu bado zimesalia pembeni. Nimegundua Bi Pekupeku ana mfuko wa viatu vya hariri, vile vya kusimamia ncha za vidole. Historia yake inaanzia hapo, kwenye dansi za zamani za majumba ya kifahari. Bila viatu hana mwanzo. Bila mwanzo hana historia. Nimeuficha mfuko nyuma ya tangi la maji, nikajibanza chini ya dirisha nisikie kilio.

Wapi! Kacheka. Kawaambia wanafunzi kwamba aliyeiba kawarahisishia kazi, maana habari yenyewe ilianza pale wanawake walipochoka kubanwa vidole na kubanwa kiuno. Wakavua. Wakapanda jukwaani miguu mitupu, na nguo za kupepea. Ati watazamaji wengine waliona aibu kutazama nyayo. Nyayo tu! Nimebaki pale dirishani mpaka shingo ikakakamaa. Yule wa kwanza kuvua alijisikiaje? Alisikia baridi? Alitazama chini, au aliwatazama watu usoni? Nusura nipaze sauti niulize.

Nyumbani nimevua viatu nikaitazama miguu yangu. Sugu tupu. Mke wangu naye karudi kutoka kwa shoga yake, anakokwenda Jumanne na Alhamisi, nyayo nyeusi tii. Huko kwa shoga yake hawapigi deki? Nimemshauri awe anachagua nyumba za kutembelea. Kajitia hamnazo.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana sikuandika, nilikuwa napanga. Leo nimeondoka na waya wa spika, nimeuzungushia kiunoni chini ya shati. Nikajisemea, leo nimekitia mchanga kitumbua chake. Dansi bila muziki ni nini? Ni watu wazima wanaotafuta shilingi iliyoanguka.

Bi Pekupeku kautafuta waya kidogo, kisha kasema haya, basi tumefika mahali pake. Kumbe walikuwepo wachezaji waliochoka kuburutwa na muziki! Wakasema dansi na muziki wanaweza kukaa nyumba moja, kila mmoja na chungu chake. Wengine waliacha bahati iamue, wakarusha sarafu au dadu kujua lipi litangulie na lipi lifuate. Dadu! Mimi nimefundisha moja-mbili-tatu maisha yangu yote, kumbe wenzangu walikuwa wanacheza ludo na miili yao. Na hakuna aliyeniambia!

Kisha wakacheza kimya. Nilisikia nyayo zikigusa mbao, na pumzi. Vinyweleo vilinisimama, siwezi kuidanganya shajara yangu. Mwanamke mmoja, kitambaa kichwani, alikuwa amenipa mgongo. Akaanguka taratibu, akalala, akainuka kana kwamba sakafu imempa ruhusa. Sijawahi kuona mgongo unaosema hivyo. Nilitaka kumwona uso, lakini waya ulifunguka ukaanza kuteremka ndani ya suruali, nikakimbia.

Nyumbani nimerusha dadu kuamua nile kwanza au nioge. Ikasema nioge. Nimerusha tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Basi, kuficha vitu nimeacha. Kila ninachoficha kinageuka kuwa sura ya historia yake! Leo ni nta. Nimechukua mishumaa yote ya nyumbani, boksi zima, nikaisugua kwenye mbao kona hadi kona, kwa magoti. Mbao ikipata nta kidogo, walsi hutiririka. Ikizidi, hata paka hasimami.

Mpango ni huu: Bi Pekupeku anatangulia. Watu wake wanateleza, wanaanguka ovyo, kamati inacheka. Mimi kwa huruma naomba sakafu ifutwe, kisha naingia na wachumba wangu. Sioni tundu.

Jioni umeme umekatika. Mke wangu katafuta mshumaa, hola. Nikamwambia ni panya. Sikuuona uso wake gizani, lakini aliniuliza ni panya gani anayebeba na boksi lake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miguu mitupu haitelezi! Nyayo zenye jasho zilishika mbao utadhani zimebandikwa kwa gundi. Kinachoteleza ni soli ya ngozi, na soli za ngozi ziko kwenye viatu vyangu na vya wachumba wangu. Mwalimu mzima, sikuliwaza hilo.

Wakacheza yote: miguu mitupu, pumzi, kimya (waya ninao bado). Kila mtu alipoanguka nilipiga makofi ya furaha, na kila mtu akainuka. Kumbe kuanguka nako ni sura! Bi Pekupeku kaieleza kamati kwamba kuna waliosema dansi yote imo katikati, kati ya kusimama na kuanguka. Katibu alisahau goti, akasogea mpaka ukingo wa kiti. Hata mimi nilisogea. Nilitaka kujua kinachofuata, ndiyo aibu yenyewe.

Akaja yule mwanamke wa kitambaa. Akageuka. Mke wangu! Mama wa wanangu, wa maharage, wa nyayo nyeusi! Nilijiandaa kukasirika, hasira ikakataa kuja. Mgongo ule nimeushika miaka yote ya walsi, sijawahi kuutazama hata siku moja. Kwenye walsi unatazama uso na kuhesabu. Kisha akanyoosha mikono, akaanza kuanguka kinyumenyume, kichwa kikielekea kwenye nta yangu.

Sikufikiri. Niliruka kutoka kitini, viatu vikaninyang'anya miguu, nikakata sakafu nzima kwa makalio huku wanakamati wakigeuza shingo kunisindikiza. Nilifika chini yake naye anafika. Akaniangukia tumboni. Tumbo likaingia ndani kama la mtu aliyepokea habari mbaya, pumzi ikatoka, ikamwinua. Makofi! Katibu alisimama, funguo zikalia.

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Baba watoto," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza hukuhesabu." Nimelia kidogo. Makalio nayo yalikuwa yanauma.

Zamu yetu ilipofika, ningeombaje sakafu ifutwe bila kujianika? Mchumba wa kwanza aliweka soli moja kwenye mbao, akamwangukia mama mkwe mtarajiwa. Waliobaki walikataa kukanyaga.

Jumapili, 10 Agosti

Kamati imeamua. Mbao kwa Bi Pekupeku. Mimi stoo.

Bi Pekupeku, kwa upole unaokera, kasema ule mtelezo wangu angependa ubaki kwenye onyesho, na Jumanne niende darasani, mlango uko wazi. Mke wangu kanieleza mengine tukinywa chai. Nta aliikuta kwenye magoti ya suruali niliyomtupia afue. Ndiyo maana aliwaonya wenzake mapema, hata soksi wasivae. Na lile anguko kalifanyia mazoezi miezi mingi, hakuna kilichokuwa kinamtisha. Nikamwambia basi niliruka bure. Kasema si bure. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Kasema aliogopa nitamwekea moja-mbili-tatu. Kisha kaniomba nirudishe mfuko wa viatu na waya, twende wote Jumanne, nijifunze kuanguka.

Nimeyatafakari kwa makini. Waliovua viatu walishangaza watu. Waliocheza kimya walishangaza watu. Jana nani kashangaza watu? Mimi! Kwa hiyo mimi ni mwanzilishi. Dansi ya Makalio! Na stoo ndiyo mahali pake hasa: mtu anaanzia mlangoni, anaizunguka nguzo, anaishia chini ya mwenza wake. Hakuna bibi harusi atakayekataa. Bi Pekupeku atakuja mwenyewe kuniomba tubadilishane vyumba. Jumanne nitakwenda kwake, ndiyo, ila kwa upelelezi tu. Mfuko ubaki nyuma ya tangi, unaweza kufaa.

Kinachopungua ni nta. Saruji inakunywa sana, nimeshajaribu kwa kipande cha mshumaa kilichobaki. Mke wangu amenunua boksi jipya la mishumaa, lakini amelikalia katikati ya sebule, miguu mitupu, anavuta tumbo ndani, anaachia, wala hasogei. Nimekaa mbele yake na viatu vyangu vya ngozi. Nangoja ainuke.