Malalamiko Kuhusu Watoto Kuugua Kisukari Chetu

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kliniki ya Kisukari,
Tunduma.

Ndugu Mganga,

YAH: WATOTO KUINGILIA UGONJWA WA WAZEE

Natumaini una afya njema kuliko sisi tunaokujia kila Jumanne. Mimi ni Yesaya Simkoko, wakala wa forodha mstaafu na mgonjwa wa kisukari mwenye uzoefu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Sisi wazee kisukari tulikipata kwa jasho, baada ya miaka mingi ya soda na chipsi pale mpakani. Sasa amekuja Goodness, binti wa darasa la tano, naye eti anacho. Muuguzi Tabita anasema hakukipata kwa kula sukari. Kongosho lake limeacha tu kutengeneza insulini. Yaani kapewa bure.

2. Siku ya kwanza aliletwa mgongoni kwa mama yake, kakonda, hajitambui. Nyumbani walidhani ni malaria. Alipopimwa, sukari yake ikaipita ile yangu ya juu kabisa, ambayo kwenye benchi letu ilikuwa ikiheshimika. Siku hiyo hakuna aliyenipa pole.

3. Mimi nikichomwa sindano huguna. Goodness hujichoma mwenyewe tumboni huku akisimulia mpira. Aliniambia, "Babu, usiiangalie sindano. Niangalie mimi." Nikafanya hivyo, na tangu hapo siumii. Matokeo yake mke wangu ameacha kunionea huruma.

4. Wanaongezeka. Juzi walikuwa watoto watano. Mdogo kuliko wote, Yassir, alisinzia mapajani mwangu, nikaitwa kwa daktari nikashindwa kuinuka. Tabita anasema wengine wako majumbani, wanakunywa maji na kukojoa usiku kucha, wanachapwa kwa kulowesha kitanda, na hakuna anayewapima. Ina maana foleni yenyewe bado haijafika.

Katika kazi yangu, mzigo usio na vibali hurudishwa ulikotoka. Kwa hiyo naomba kisukari kiwekewe umri: miaka hamsini na kuendelea, kwa kuonyesha kitambulisho. Kikimkuta mtoto, kisimamishwe, kiandikiwe barua, kigeuze. Watoto waachiwe mafua na kuanguka kutoka mitini. Na kama ni lazima cha Goodness kiwe na mtu, kiandikwe kwa jina langu. Nina uwezo wa kubeba viwili.

Nisalimie Tabita, mlinzi wa getini na wote wa dirisha la dawa.

Wako katika sukari,
Yesaya Simkoko

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Jumanne ilipita bila Goodness kuonekana. Nilikwenda shuleni kwao kwa miguu, nikipenya katikati ya malori. Nikamkuta mzima, anafanya mtihani. Mwalimu akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia tunaumwa pamoja. Naomba kliniki ihamie Jumamosi. Sisi wazee hatuna mitihani.