Kina Mama wa Dundori Waliniombea Hewa

Jamani, leo nimeumbuka, tena mbele ya mama mkwe!

Jana nilitolewa apendiksi hapa Nakuru. Leo asubuhi nesi akaniuliza kama nataka sindano kali ya kutuliza uchungu ama dawa nyepesi ya dripu.

"Sindano inamaliza uchungu fiti, lakini inalaza tumbo. Na mpaka utoe hewa, hakuna kukula."

Nikavuta pumzi, nikaitoa kwa ufundi wangu wote.

"Si hiyo, boss. Hewa ya chini."

Wodi nzima ikacheka. Nikachagua sindano hata hivyo. (Mimi na uchungu hatujawahi kuelewana.) Mzee wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa henia, akachagua dripu. Alikunja uso, akaguna. Nikamhurumia sana, huku nikitabasamu peke yangu kama mlevi.

Haikupita muda, mzee akaachilia mlio mmoja wa heshima. Akaletewa chai na mkate! Mimi tumbo kimya. Njaa ilinishika mpaka nikaanza kumchukia mzee wa watu. Nesi aliporudi na sindano nyingine nikaikataa.

"Nipe ile ya mzee!"

Dripu ikaingia. Uchungu ukapungua nusu, nusu nikabaki nayo.

Mchana mama mkwe akaingia na wenzake wa kanisa kutoka Dundori. Amebeba hotpoti ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Ile harufu! Nilikaribia kulia.

"Kula kidogo, mtoto wangu."

"Bado hajatoa hewa," nesi akatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi getini.

Nilitaka kuingia chini ya kitanda. Mbele ya huyu mama sijawahi hata kupiga mwayo!

"Basi tuombe," akasema, akafumba macho. "Bwana, fungua kila kilichofungwa!"

"Fungua, Bwana!" wakaitikia.

"Legeza, Baba!"

Hapo tumbo likaamka. Nikabana. (Jaribu kubana ukiwa na nyuzi tumboni.) Mlio ukaanza kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kisha ikawaka.



Mama mkwe, macho bado yamefumbwa, akasema polepole, "Amina."

"AMINA!" wodi nzima. Mzee wa henia akapiga makofi.

Mukimo nimekula, nikiwa nimeangalia ukuta. Sasa nawaomba msicheke. Mkicheka nitacheka, nikicheka nyuzi zinavuta, na sindano nilishaikataa.