Nyumba Yangu ya Magurudumu Manne

Jumatatu, 15 Januari

Nimeamua. Nanunua gari la kulala. Begimai amefua tena mashuka ya wageni leo, kisha akaniuliza kwa upole kama ahadi yangu bado iko hai. Ahadi yenyewe: mwaka huu tukipanda mlimani kuteleza kwenye theluji, tutalala huko huko, sisi wawili tu. Na asubuhi moja mke wangu ataamka asimmiminie mtu chai.

Tangu aolewe hajaipata asubuhi hiyo. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hahami kwa wazazi. Nyumba inakuwa yake, na wageni wa nyumba wanakuwa wake pia. Nusu ya mji wetu wa Karakol huamka na njaa na inajua tunapokaa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hana, amezoea. Hilo neno limenichoma, afadhali angenitukana. Lakini mimi nina akili. Nyumba ina mila, gari halina. Nani amewahi kwenda kunywa chai kwenye gari la mtu?

Jumanne, 16 Januari

Nimekwenda soko la magari. Nurdin, mume wa dada yangu, alikuja pia, ingawa sikumwalika. Yeye ana gari la Kijerumani la kulala, lina bafu ndani. Kila tuliposimama alilitaja lile bafu.

Gari la kwanza lilikuwa basi dogo lililokuwa likipeleka abiria mji mkuu, Bishkek. Refu, unasimama wima. Hatari tupu, Mama angeanza kugawa viti papo hapo. La pili lilikuwa gari la wagonjwa. Nikampigia Begimai, akasema hawezi kulala mahali ambapo watu wamekata roho. La tatu ndilo lenyewe. Mkate! Lile gari la Kirusi lenye umbo la mkate wa boflo, ndiyo maana kila mtu huliita hivyo. La kijivu, limenizidi umri. Mlango wa ubavuni umechomelewa, unaingilia nyuma. Ndani kuna jiko dogo la kuni na kitanda kimoja cha watu wawili wanaopendana. Mgeni hata umtake, utamweka wapi?

Nurdin alicheka mpaka akashikilia bampa. Akaniambia, "Shemeji, hili si gari la kulala, hili ni gari la kuliombea dua." Ni wivu tu.

Jumatano, 17 Januari

Nimemwambia Mama kwamba Mkate ni biashara, nitawakodishia watelezaji wa kutoka Almaty, ng'ambo ya mpaka. Mama akalizunguka. Akaona kitanda. Akaona jiko. Akaona pazia alilolishona Begimai usiku kucha. Akasema panapolazwa kichwa na kuwashwa moto ni nyumba, na nyumba mpya haihamiwi bila baraka. Achinjwe kondoo, waitwe mashangazi, na Baba Mkubwa Satybaldy aje kuinua mikono. Ijumaa.

Nikajitetea kwamba ni gari. Mama akasema hata gari jipya huombewa, kwa hiyo ninadaiwa baraka mbili.

Begimai alikuwa anamimina chai, akasikia yote. Alinijazia kikombe mpaka ukingoni. Kwetu mgeni unayempenda unamtilia nusu, ili uendelee kumwongezea. Kikombe kilichojaa maana yake kunywa uende zako. Sijawahi kujaziwa kikombe na mke wangu.

Alhamisi, 18 Januari

Mpango mpya, na ni mzuri. Nimetangaza kwamba karamu itafanyika ndani ya Mkate wenyewe, maana ndio unaobarikiwa. Watu wanne wataenea, labda watano. Wengine watabaki uani kwenye baridi, watabariki harakaharaka, wataondoka. Mchana mimi na Begimai tuko njiani.

Redio inasema theluji kubwa inakuja. Begimai ameshapakia mbao zetu za kuteleza juu ya gari. Alikuwa anaimba kidogo, halafu akaniona, akaacha.

Ijumaa, 19 Januari

Wameenea wote. Sijui vipi. Shangazi mmoja alikaa juu ya kuni.

Baba Mkubwa aliingia wa kwanza, kwa mlango wa nyuma, akitafuta kiti cha heshima. Kila mtoto hapa anajua kiti hicho ni kile kilicho mbali kabisa na mlango. Basi mzee akapita kitanda, akapita jiko, akaendelea mpaka mahali pa kwenda pakaisha. Akaketi kwenye kiti cha dereva. Akatupa mgongo, akaweka sahani ya nyama juu ya usukani, na kila alipocheka honi ililia.

Mchana ukapita. Nikamuuliza kama hajachoka. Akasema, "Mwanangu, hapa pazuri, naona mlima wote. Nitakaa mpaka Jumapili." Hakuna mtu anayemwondoa mzee kwenye kiti cha heshima. Serikali yenyewe haiwezi. Nurdin akaninong'oneza kwamba viti vya gari lake vinazunguka.

Begimai alikaa mlangoni, penye upepo, akimimina. Huko juu theluji ilikuwa inaanguka tayari. Kati ya kikombe na kikombe aliitazama. Nimejisikia vibaya sana leo.

Jumamosi, 20 Januari

Nimeamka na jibu. Mlango ukihama, kiti cha heshima nacho kinahama!

Alfajiri nikamwagia maji kitasa cha mlango wa nyuma. Kufikia saa ya chai kilikuwa jiwe. Nikatangaza kwa masikitiko kwamba mlango umeganda, tutaingilia mbele, mlango wa dereva. Baba Mkubwa, aliyelala humo humo kitini, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hawezi kukaa mlangoni kama bi harusi. Akainuka kwa heshima zake, akahamia nyuma kabisa.

Kiti kikawa wazi. Nikakiendea. Mama akanishika mkono, akauliza nina nini leo, mwanamume mwenye nyumba anakaa mlangoni? Akaniamuru niende nyuma kwa wakubwa. Mlangoni ni pa anayemimina chai.

Kwa hiyo Begimai akakaa kwenye usukani, birika pembeni yake. Mimi nikabanwa nyuma kati ya Baba Mkubwa na Nurdin, nikipewa sikio la kondoo, fungu la watoto. Ufunguo ulikuwa mahali pake, kwa sababu Mama alitaka redio. Nilimwambia Begimai kwa macho avumilie. Akanijibu kwa macho pia, ila sikuelewa.

Hatimaye Baba Mkubwa akasema baraka ya safari hutolewa nje, watu wamesimama. Tukashuka wote, mmoja mmoja, tukimkanyaga Begimai miguu. Yeye alibaki kukusanya vikombe. Tukainua viganja. Mzee akaomba barabara iwe nyeupe, magurudumu yasichoke, na anayesafiri afike salama. Tukapangusa nyuso. Nilipoondoa mikono usoni, Mkate ulikuwa getini. Haukukimbia. Uliwasha taa ya kukata kushoto, ukakata kushoto, ukapanda mlima.

Baba Mkubwa akasema ameombea watu maisha yake yote na hajaona dua ikajibiwa upesi hivi. Mama akauliza sasa chai atamimina nani. Wakanigeukia.

Jumapili, 21 Januari

Begimai amepiga simu. Amelala vizuri, jiko linashika moto. Asubuhi mama mmoja wa gari la jirani, mtu wa Almaty, alimgongea dirisha na kumletea chai. Akamimina mwenyewe! Begimai aliinywa akiwa kitandani, miguu ndani ya blanketi. Halafu ameteleza mpaka magoti yakatetemeka.

Akaniuliza mimi hali yangu. Nikasema nimemimina tangu alfajiri, mgongo umekufa, na Nurdin anataka maziwa zaidi. Akacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu tuoane, na nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Atarudi Jumanne, au baadaye, itategemea theluji.

Nimekaa nikafikiri na nimeligundua kosa. Kosa ni gari. Mkate ni mdogo mno. Kuna basi kuukuu linauzwa karibu na kituo, lina mlango mbele na mlango nyuma, yaani viti vya heshima viwili. Baba Mkubwa atakaa kimoja, Mama kingine, na katikati nitatundika pazia, nyuma yake mimi na Begimai peke yetu. Nimeshamwambia Mama. Amefurahi mno, anawaita na ndugu wa mji wa Naryn, na Ijumaa tunachinja. Begimai sijamwambia. Nataka iwe zawadi yake.