Vita vya Marelvis na Uso Wenye Falme Mbili

Sogezeni viti, enyi watu wa mtaa wa Las Nieves, na wewe mwenye redio punguza sauti. Tegeni yale masikio mnayoyatumia kwa umbea, kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa hapa Barranquilla juu ya uwanja usiozidi upana wa sahani. Uwanja huo ni uso wa Marelvis Pertuz, mkatisha tiketi za basi, mwanamke asiyeogopa dereva mlevi wala abiria mwenye jogoo mkononi, asiyeogopa kitu chini ya jua ila kamera.

Maana uso ule uligawanyika falme mbili. Tangu paji la uso, kushuka puani hata kidevuni, alitawala Mafuta, akimeremeta kuanzia saa tatu asubuhi kama carimañola, andazi la muhogo lililotoka kikaangoni. Mashavuni, ambako kiyoyozi cha kibanda cha tiketi kilikuwa kimepuliza miaka kumi na miwili, alitawala Ukavu, naye alibabua na kumenya bila huruma. Kwa hiyo katika picha zote za ukoo, kwa miaka sita, Marelvis alikuwa kisogo tu, au mkono ulioshika sahani ya wali.

Ikawa, ilipobaki miezi mitatu bintiye Yulieth atimize miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa, msichana yule alisimama jikoni, mikono kiunoni.

"Mama, gauni lolote nitavaa. Ninachotaka ni picha moja. Wewe na mimi. Uso mbele."

"Nitapiga, mwanangu."

"Ulisema hivyohivyo kwenye kipaimara, ukajificha nyuma ya keki!"

"Keki ilikuwa inaanguka."

"Haikuwa inaanguka, Mama. Ulikuwa unanikimbia mimi." Sauti ikamkatika. "Usipopiga safari hii, basi na sherehe isiwepo."

Neno hilo lilimwingia Marelvis kama mkuki. Akainuka, akaliendea sinki, akatangaza vita.

Shambulio la kwanza alilifanya kwa sabuni ya kufulia. Alisugua kama asuguaye kola ya fundi makenika; lakini kabla ya adhuhuri Mafuta alirejea na majeshi maradufu, na mashavu yakapasuka kama tope la kiangazi.

Shambulio la pili liliongozwa na shangazi yake Eduvigis, mshindi wa mabishano yasiyohesabika, aliyeingia na bakuli la ute wa yai na ndimu.

"Tulia, mwanangu. Hii ilimpatia marehemu mama yangu waume watatu."

"Inaunguza, shangazi!"

"Inaunguza maana inafanya kazi."

Ute ukakauka, mdomo ukagoma kufunguka, na mleta gesi alipobisha hodi akafunguliwa na uso mweupe uliokaza kama ngozi ya ngoma, akafanya ishara ya msalaba na kuuacha mtungi barabarani. Mashavu yaliwaka siku mbili.

Tatu akaja jirani Nurys, muuza vipodozi, na krimu nzito kama siagi. Mashavu yalishangilia. Paji la uso likaasi, likasimamisha chunusi tisa kwa safu.

"Shoga, usiogope, ngozi inatoa uchafu," akasema Nurys.

"Nurys, kitakachotoka hapa sasa hivi ni wewe na mkoba wako."

Wiki saba zilikuwa zimebaki. Ndipo shujaa wetu, akiwa amejifunga mtandio hadi machoni, akaingia duka la dawa la kona na kumkabili mfamasia Carmenza.

"Nipe dawa kali kuliko zote."

Carmenza akavua miwani. "Uso unauosha na nini?"

"Sabuni ya kufulia."

"Huo uso umekukosea nini? Sikiliza, mpenzi. Hiyo ni ngozi mchanganyiko. Huwezi kuipa amri moja. Osha kwa sabuni laini, asubuhi na jioni, basi. Paji, pua na kidevu, paka jeli nyepesi. Mashavu, krimu nzito. Asubuhi malizia na krimu ya kuzuia jua. Halafu iache."

"Niiache?"

"Usikune, usisugue, usimsikilize shangazi yako."

"Umejuaje nina shangazi?"

"Kila anayeingia hapa na uso huo ana shangazi."

Ukaanza mzingiro, na mzingiro, enyi wasikilizaji, ni mgumu kuliko kuvamia. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Marelvis aliziba mdomo wa kiyoyozi kwa kadibodi, akapaka huku jeli nyepesi na kule krimu nzito, akaikalia mikono yake isikune. Eduvigis alipotokea mlangoni na bakuli jingine, alimsimamisha kizingitini.

"Shangazi, umenilea, nakupenda, na ukitaka figo langu nitakupa. Uso sikupi."

Kikongwe akanuna, akaketi, akala chakula cha mchana bila kusema neno, jambo ambalo halijatokea tena.

Wiki ya nne magamba yalikoma. Ya sita, saa tatu asubuhi ikapita, saa nne ikapita, na paji la uso likakaa kimya.

Jumamosi ya sherehe, jua la alasiri likiyeyusha hata vipodozi vya maharusi wa jirani, mpiga picha aliita. Marelvis akatoka, akasimama kando ya binti yake, uso mbele. Eduvigis akamkandamizia tishu katikati ya paji, akaiinua juu watu wote waione: doa moja tu, dogo kama punje ya mtama.

"Kavu!" wageni wakapiga kelele.

Kamera ikalia. Mpiga picha akatazama, akakuna kichwa.

"Mama umetoka vizuri sana. Ila binti amefumba macho. Analia."

"Basi piga tena," akasema Marelvis.

Akapiga tena, na tena, hata betri ikaisha. Na iandikwe katika kumbukumbu za mji huu, baada ya mafuriko na kabla ya uchaguzi, kwamba siku ile Marelvis Pertuz alipigwa picha arobaini na moja, na kwamba yeye ndiye aliyeuliza kama kuna mtu mwenye betri nyingine.