Daftari Safi la Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, niwie radhi. Miezi minne sijakuandikia neno. Kisukari kina shughuli nyingi.
Leo kliniki, muuguzi alitangaza kwamba Jumatatu ijayo atamchagua mgonjwa mmoja awafundishe wenzake wa mtaa huu. Atatazama madaftari ya sukari kwanza. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nani mwingine? Mshona viatu akanyoosha mkono! Mtu anayechora miduara badala ya kuandika tarehe!
Daftari langu ni tupu. Si neno.

Jumatano, 5 Machi
Kipimo cha sukari ni kimoja kwa wagonjwa saba. Kila mmoja hukaa nacho siku moja kwa wiki. Kwa hiyo wenzangu wameandika siku moja moja. Uvivu! Mimi nimejaza wiki tano, kila siku, mistari kwa rula. 5.6. 5.8. 5.7. Kidole sikukitoboa.
Mke wangu aliuliza mbona nakanyaga upande na soksi ina damu. Nimemwambia ni wino wa kusahihishia.

Alhamisi, 6 Machi
Zamu yangu. Mshona viatu aliniletea kipimo, akakodolea macho kiatu changu cha kushoto. Eti, Mwalimu, hebu nipe nikitazame, unakikanyaga upande. Wivu mtupu. Nilimwambia ashughulikie miduara yake.
Kipimo sikukifungua. Wiki imeshajaa.

Jumatatu, 10 Machi
Fedheha! Muuguzi aliusifu mwandiko wangu, kisha akauliza Jumanne nilipimia nini, ilhali Jumanne kipimo huwa kwa mama muuza mkaa. Mama huyo akadakia kwamba labda Mwalimu alipima kwa rula. Darasa zima likaangua kicheko.
Mshona viatu hakucheka. Alipiga magoti, akanivua kiatu. Msumari! Umetoboa soli na kuingia kidoleni, nami sikuhisi kitu. Muuguzi alisema alifundisha hayo wiki iliyopita: miguu yetu hufa ganzi, tukague viatu kabla ya kuvaa. Wiki iliyopita akili yangu ilikuwa kwenye mistari ya daftari.
Akanipima: 19.4. Akamchagua mshona viatu. Mimi nikapewa barua: hospitali kuu kesho asubuhi, la sivyo kidole kitakatwa.
Mke wangu amefunga mkoba. Ameapa kwamba nisipokwenda atahamia kwa dada yake. Mshona viatu amejitolea kunisindikiza. Nisindikizwe na yule? Jambo hili lataka tafakari. Nikishaamua kwenda au kubaki, utakuwa wa kwanza kusoma.
Sukari ya kesho nimekwisha kuiandika. 5.6.